Kitambaa cha meza ya pool ya nyumbani: dalili, sababu na tiba

Malalamiko kuhusu vitambaa vya meza za pool za nyumbani yanafanana mno: mpira umekuwa mzito, mpira unapinda, kitambaa kimeota madoa meupe, kitambaa kimejikunja. Mwenye meza huwa ameshatoa hukumu kwamba kitambaa ni kibovu na kibadilishwe. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Kitambaa ndicho kinachoonekana, kwa hiyo ndicho kinachosingiziwa, ilhali kosa limo kwenye mipira michafu, kwenye miguu ya meza, kwenye unyevunyevu wa chumba au, jambo linalouma zaidi, kwenye usafi uliofanywa kwa bidii nyingi na kwa vifaa visivyofaa. Ndiyo maana katika kila dalili hapa chini ninaanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi usiogharimu chochote, kisha ninashuka hadi kwenye kazi za fundi.

Kwanza, jua una kitambaa cha aina gani

Wengi huita kitambaa hiki felti, lakini felti halisi haifumwi. Nyuzi zake hushindiliwa tu hadi zikashikana. Kitambaa cha meza ya pool hufumwa, aghalabu kwa sufu iliyochanganywa na nailoni, nacho kiko cha aina mbili. Kipo chenye vinyweleo vifupi vilivyolala upande mmoja, ambacho hutumika kwenye meza za snuka na kwenye meza nyingi ndogo za pool za mtindo wa Kiingereza. Kipo pia kisicho na vinyweleo, kilichofumwa kwa uzi wa sufu uliochanwa na kusokotwa kwa kukazwa, ambacho huonekana zaidi kwenye meza za mtindo wa Kimarekani na kwenye mashindano yake.

Kuvitofautisha ni rahisi. Pitisha kiganja kwenye kitambaa kutoka upande wa kuanzia mchezo kwenda upande wa pili, kisha ukirudishe. Ikiwa safari ya kwenda ni laini na ya kurudi inakwaruza na kuacha kivuli cheusi nyuma ya mkono, una kitambaa chenye vinyweleo. Ikiwa huhisi tofauti yoyote, una kile kingine. Usiendelee kusoma kabla ya kufanya jaribio hili, kwa sababu baadhi ya tiba zinazofaa aina moja huiharibu nyingine.

Dalili: mpira umekuwa mzito na haufiki

Sababu ya kwanza ni uchafu ulio kwenye mipira yenyewe. Chukua mpira mweupe, uufute kwa kitambaa cheupe kilicholowa kidogo, kisha utazame kitambaa hicho. Ukiona ukungu wa buluu au weusi wa mafuta ya mikono, basi uchafu huo ndio unaopakwa juu ya meza kila mpira unapozunguka. Ioshe mipira yote kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo isiyo kali, isuuze, na uikaushe kabisa kwa taulo laini kabla ya kuirudisha mezani. Usiipake nta ya magari wala ya fanicha, kwa kuwa utando wake huhamia kwenye kitambaa na hautoki. Cheza michezo miwili mitatu baada ya kuosha mipira kabla ya kugusa kitu kingine. Ni mara nyingi mno tatizo huishia hapo.

Sababu ya pili ni vumbi la chaki lililojichimbia ndani ya kitambaa. Pitisha kidole gumba chini ya mdomo wa ukingo, pale kitambaa cha juu ya meza kinapojificha chini ya raba ya ukingo. Kidole kikitoka na rangi ya chaki, jua kuwa brashi haijafika pale kwa muda mrefu. Vumbi hili si la kudharau. Chaki inayopakwa kwenye ncha ya fimbo ya kupigia mipira haifanani na ya ubaoni. Tangu mchezaji wa biliadi William Spinks na mkemia William Hoskins walipopata hataza yao nchini Marekani mwaka 1897, chaki hii hutengenezwa kwa silika na madini makali ya aina ile ile inayowekwa kwenye msasa. Ukilisugua vumbi hilo kwa kiganja au kwa taulo, unalisukuma hadi kwenye shina la nyuzi, na kila mpira unaopita juu yake huzisaga nyuzi hizo kutoka chini.

Namna ya kulitoa inategemea jaribio la kiganja. Kwenye kitambaa chenye vinyweleo, tumia brashi maalumu ya meza yenye nywele laini, uivute kwa mistari iliyonyooka kutoka upande wa kuanzia mchezo hadi upande wa pili, kila mara ukielekea kule vinyweleo vinakolala, na uinyanyue unapoirudisha. Usizungushe brashi wala usiende mbele na nyuma kama anayefagia zulia. Kwenye kitambaa kisicho na vinyweleo unaweza kutumia mashine ya kufyonza vumbi, mradi kichwa chake kiwe na brashi laini isiyozunguka na nguvu ya kufyonza ipunguzwe hadi kiwango cha chini. Mashine ikianza kukinyanyua kitambaa kutoka kwenye jiwe, yaani bamba lililo chini yake, nguvu imezidi. Izime mara moja. Kwa kitambaa chenye vinyweleo ninashauri mashine iishie kwenye kona na chini ya kingo tu, ikikusanya kile ambacho brashi imekileta pale. Katika aina zote mbili, malizia kwa kitambaa cha maikrofaiba kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa hadi kisitoe tone, ukikipitisha bila kukandamiza.

Sababu ya tatu ni unyevunyevu. Sufu hunyonya maji kutoka hewani, na meza iliyokuwa nyepesi jana huwa nzito siku ya mvua bila mtu kuigusa. Kama uzito huja na kuondoka pamoja na hali ya hewa, hakuna kitu cha kutengeneza kwenye kitambaa. Tengeneza hewa ya chumba kwa kufungua madirisha siku kavu au kwa kutumia kifaa cha kupunguza unyevunyevu. Ikiwa kitambaa chako kina vinyweleo, baada ya kukipiga brashi unaweza pia kukipiga pasi kavu isiyo na mvuke, kwa joto la kadiri. Jaribu pasi kwanza juu ya karatasi ya gazeti: ikiwa karatasi inabadilika rangi, joto limezidi. Iendeshe kuelekea vinyweleo vinakolala tu, usiisimamishe hata kwa kitambo, na usiifikishe kwenye kingo. Kitambaa kisicho na vinyweleo hakihitaji pasi kabisa.

Uchakavu ndio wa mwisho kwenye orodha, na hapa watu hukosea. Kitambaa kilichochakaa kwa kawaida hung'aa na kuwa chembamba, na mpira huteleza juu yake zaidi ya zamani. Kwa hiyo meza iliyokuwa nzito si dalili ya kuzeeka, ila meza iliyoanza kukimbiza mpira kupita kiasi huenda ikawa.

Dalili: mpira unapinda njia

Hapa usikimbilie pimamaji. Chagua mstari mmoja, uviringishe mpira taratibu kwenda, kisha utoke upande wa pili uuviringishe kurudi kwenye mstari ule ule, na utazame unaegemea wapi. Rudia kwa mpira mwingine.

Ikiwa mpira mmoja tu ndio unaopinda, basi ni mpira wenye doa la uchafu lililoganda au uliopasuka, na meza haina kosa. Ikiwa mipira yote huegemea ukuta ule ule wa chumba katika safari zote mbili, meza imeinama. Ikiwa mpira hupinda pale tu unapoviringishwa dhidi ya vinyweleo, au huvutwa kuelekea vinakolala unapouviringisha taratibu kukata upana wa meza, hiyo ni tabia ya kitambaa chenye vinyweleo na haina dawa zaidi ya kukipiga brashi vizuri ili vinyweleo vilale sawasawa. Na ikiwa mpira huruka kidogo au kuyumba mahali pamoja kila mara, kuna kitu chini ya kitambaa.

Kwa mahali pamoja panaposumbua, zima taa za juu, lala macho usawa wa meza, na umulike kurunzi ikiwa imelazwa juu ya kitambaa. Mwanga wa ubavuni huonyesha kinachojificha mchana kweupe: chembe ya mchanga, uvimbe, au mstari ulionyooka unaokata meza kutoka ubavu hadi ubavu. Chembe ndogo huweza kusambaa ukiigonga taratibu kwa kidole kupitia kitambaa. Mstari ulionyooka ni habari nyingine. Meza kubwa za jiwe huwa na mabamba kadhaa, aghalabu matatu, yaliyounganishwa, na viungo vyake hujazwa nta au lipu maalumu. Lipu hiyo ikimeguka, vipande vyake huonekana kama mgongo au mfereji chini ya kitambaa. Usijaribu kuuponda mgongo huo kwa nyundo wala kwa kisigino cha mkono. Kitambaa lazima kifunguliwe, kiungo kijazwe upya, na kitambaa kivutwe tena, na hiyo ni kazi ya fundi wa meza.

Meza iliyoinama unaweza kuirekebisha mwenyewe pale tu miguu yake ina skrubu za kupandisha na kushusha. Weka pimamaji katikati na kwenye kona, kwa urefu na kwa upana, ugeuze skrubu robo mzunguko kwa mara moja, na upime tena. Ikiwa meza haina skrubu hizo, simama. Meza ya jiwe huweza kuzidi kilo 300, na kuinyanyua kwa kushika kingo kunaweza kung'oa kingo hizo na kumponda mtu mguu.

Dalili: vidoa vyeupe na mistari

Lowesha ncha ya kitambaa cheupe, uigonge juu ya doa bila kusugua. Likitoka, lilikuwa chaki au poda ya mikono, na poda ya mikono ningependa iishie mlangoni; glavu ya mchezo hufanya kazi ile ile bila kuacha unga. Lisipotoka, umekutana na alama ya kuungua.

Alama hizi huwatisha watu bure. Mchezaji anapopiga pigo la kuanza, fimbo hushuka kwa pembe kidogo, mpira mweupe huruka, hutua na kusota kwa kasi, na joto la msuguano huunguza nyuzi kwa kufumba na kufumbua. Ukizitazama kwa karibu utaona vidoa vya duara vilivyopangana kama nyayo za ndege, vikianzia pale mpira mweupe unapowekwa na kuelekea kwenye pembetatu ya kupangia mipira. Mistari mirefu ni njia zinazopitiwa na mipira mara nyingi. Hakuna sabuni inayoviondoa, kwa sababu hakuna uchafu wa kuondoa: uzi wenyewe umebadilika. Anayesugua hadi doa lififie amefaulu tu kukipunguza kitambaa unene.

Kilichobaki ni kuzuia vingine. Badilisha mahali pa kupigia pigo la kuanza badala ya kupiga kutoka sehemu moja kila siku, au bandika pale kipande kidogo cha duara kinachouzwa kwa kazi hiyo. Acha kabisa mazoea ya kuigonga mipira kwa mpira mwingine ili itulie ndani ya pembetatu, kwani kila gongo huchimba kishimo, na vishimo hivyo baadaye hufanya mipira isikae pamoja, jambo linalomfanya mtu agonge zaidi. Chaki iwekwe juu ya ukingo uso wake ukitazama juu, na mtu aipake fimboni akiwa amesimama mbali na kitambaa.

Dalili: kinywaji kimemwagika

Hapa dakika zina thamani kuliko dawa. Ondoa mipira, chukua taulo nyeupe kavu, uikandamize juu ya umajimaji na uinyanyue, ukianzia pembezoni mwa doa na kuelekea katikati ili lisitanuke. Badilisha sehemu ya taulo kila inapolowa. Tumia nyeupe, kwa kuwa taulo ya rangi inaweza kuacha rangi yake juu ya tatizo ulilonalo.

Maji matupu hayahitaji zaidi ya hapo. Kinywaji chenye sukari au rangi huacha utando, nao unaweza kutolewa kwa kijiko kikubwa cha siki nyeupe katika kikombe cha maji ya uvuguvugu: chovya kitambaa, ukikamue sana, gonga doa, kisha gonga tena kwa kitambaa chenye maji safi, na umalizie kwa taulo kavu. Fanya jaribio kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano kwenye pindo la chini ya meza, uone kama rangi inatoka. Usitumie dawa za kung'arishia nguo wala sabuni ya unga, na usimwage kitu chochote moja kwa moja mezani.

Kukausha kuachiwe hewa. Feni inasaidia. Mashine ya kukaushia nywele ikiwa ya moto husababisha sufu kunywea mahali pamoja na kuvuta mikunjo pembeni, na pasi juu ya doa bichi huligandisha. Kipe kitambaa siku nzima kabla ya kucheza, hata kama kiganja kinakwambia kimekauka, na usifunike meza kwa turubai katika kipindi hicho.

Simama na umwite fundi ikiwa kilichomwagika ni kingi kiasi cha kupenya. Jiwe lenyewe halivimbi, lakini mbao zinazolizunguka huvimba, na meza za bei nafuu ambazo uso wake ni wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) huvimba vibaya na hazirudi. Bonyeza kwa vidole siku ya pili: ukihisi kilima ambacho hakikuwapo jana, kusafisha zaidi hakutasaidia. Kama meza yako ina taa au mashine ya umeme ndani yake, chomoa waya kabla hata ya kuchukua taulo.

Dalili: mikunjo, mawimbi na kulegea

Bana kitambaa katikati ya meza kwa vidole viwili na ujaribu kukinyanyua. Kilichovutwa sawasawa hukataa kushikika. Kilicholegea hunyanyuka kama ngozi ya mgongo wa mkono.

Chanzo cha kawaida ni unyevunyevu uliopanda ghafla, na kitambaa huweza kujikaza chenyewe chumba kikikauka, kwa hiyo subiri siku chache kabla ya kuamua. Kinachofuata ni mazoea ya watu kukaa ukingoni au kulalia meza. Kisha meza iliyohamishwa bila kufunguliwa, ambapo mabamba husogea na kitambaa hufuata. Sababu ya mwisho ni kitambaa ambacho hakikuvutwa vizuri tangu siku ya kwanza. Huyo aliyekitandika aitwe arudi.

Ninajua video za kuvuta kitambaa mwenyewe zipo nyingi, na zinafanya kazi ionekane nyepesi. Si nyepesi. Kingo lazima zifunguliwe, pini za stepla au gundi ziondolewe bila kuchana pindo, na kitambaa kivutwe kwa nguvu iliyolingana pande zote, kwani upande mmoja ukizidi, mpira utakimbia tofauti kwenda na kurudi. Kumwagia maji ili sufu inywee, hila inayopendekezwa mara kwa mara, ni kubadilisha mkunjo mmoja kwa mitatu.

Dalili: vijinyuzi na vidonge vya nyuzi

Kwenye kitambaa kipya ni kawaida. Nyuzi za ziada hupukutika katika wiki za mwanzo. Pitisha brashi, usivute kijinyuzi kwa mkono, na kile kirefu kinachoning'inia ukikate kwa mkasi. Vidonge vikiendelea kutokea kwa miezi, kagua mpira wenye mchubuko na fimbo ambayo ncha yake imelegea, kwa kuwa mojawapo inakwaruza.

Dalili: rangi inapauka, au harufu ya uvundo

Kupauka kwa upande mmoja ni jua la dirishani. Pazia na kifuniko cha meza ndivyo tiba, ingawa rangi iliyokwenda hairudi. Uvundo ni maji yaliyofungiwa: ondoa kifuniko, ingiza hewa, na ukiona madoa ya ukungu yanayorudi baada ya kufutwa, jua kuwa yameota upande wa chini na kitambaa kinahitaji kuinuliwa.

Dalili: mchaniko au tundu

Mahali ndipo panapoamua. Mchaniko mdogo kwenye mdomo wa shimo, ambapo kitambaa kimekatwa na kukunjwa, unaweza kuzuiwa usiendelee kwa kipande cha kitambaa kinachobandikwa chini yake kwa gundi inayobaki laini. Gundi inayokauka kama kioo hukata nyuzi za pembeni. Ukucha wa paka au mbwa kwa kawaida huvuta uzi mmoja tu bila kuukata, nao unaweza kurudishwa taratibu kwa sindano butu. Tundu lililo katikati, kwenye njia ya mipira, halina kiraka kisichohisiwa na mpira, hata kiwe cha nani. Unaweza kubandika kiraka ili familia iendelee kucheza, lakini ujue unanunua muda.

Fundi atakapokuja kubadilisha, mwombe atandike kitambaa cha kingo kutoka jora moja na cha juu ya meza, akague viungo vya jiwe na usawa wake kabla ya kutandika, na akuachie kipande cha mabaki kwa ajili ya viraka. Muulize pia ni aina gani anayotandika na vinyweleo, kama vipo, vinalala upande gani, kisha uandike jibu lake chini ya meza kwa kalamu isiyofutika.